Saba Saba: kwa nini tarehe 7 Julai imebeba mambo mengi hivi? (Na duara jekundu la baba)

#1 Mtoto wa Stesheni
Wadau, salaam.

Mzee wetu alifariki mwaka jana. Wiki iliyopita tumefungua sanduku lake la bati, nikakuta kalenda za ukutani kumi na moja, za kuanzia 1980, zimekunjwa na kufungwa kwa uzi wa kushonea magunia. Katika kila kalenda tarehe 7 Julai imezungushiwa duara kwa penseli nyekundu. Hakuna tarehe nyingine iliyoguswa, hata siku tulizozaliwa sisi wanawe. Mzee alikuwa mtu wa reli, Tabora. Hakuwa mwanasiasa na hakuwa msemaji. Mama anasema "si Saba Saba tu hiyo", basi.

Nikaanza kuchimba. 7 Julai 1954, chama cha TANU kinaanzishwa na Nyerere na wenzake ukumbi wa Arnautoglo. 7 Julai 1990, Wakenya na Kamukunji yao. Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai. Maonyesho ya Barabara ya Kilwa, yale yale. Swali langu ni hili: mambo haya yamekutana kwa bahati, au moja limezaa jingine? Na mtu wa kawaida kama baba angeizungushia duara miaka yote hiyo kwa nini?

#2 Tausi wa Pangani
Pole sana kwa msiba. Nakaa hapa nisubiri wenye kujua.

#3 Mzee wa Gerezani
Pole kijana wangu. Nikusahihishe kidogo. Arnautoglo ni mwaka mmoja nyuma, 17 Aprili 1953, Mwalimu alipochaguliwa kuwa rais wa TAA, chama kilichoitangulia TANU, akimshinda Abdulwahid Sykes. TANU yenyewe ilizaliwa kwenye ofisi ya TAA, mtaa wa New Street, ambao leo ndio Lumumba. Ilikuwa Jumatano. Waasisi walikuwa 17: Dossa Aziz, Abdulwahid na Ally Sykes, Tewa Said Tewa, John Rupia, Patrick Kunambi, Japhet Kirilo, Joseph Kimalando na wengine. Kanda ya Ziwa ilileta watu wengi, akiwemo Saadani Kandoro, yule mshairi.

Na kwa kuwa umetaja Tabora: Germano Pacha alikuwemo, wa Jimbo la Magharibi. Kwa hiyo Tabora ilikuwa na mtu wake mle ndani tangu siku ya kwanza. Usiseme mzee hakuwa mwanasiasa. Watu wa reli enzi zile ndio waliosafirisha habari za chama kutoka stesheni hadi stesheni.

#4 Dada Mkeka
Mzee wa Gerezani, majina yote uliyotaja ni ya wanaume! Na ni kweli wale 17 wote walikuwa wanaume. Lakini chama kisingetoka nje ya chumba kile bila Bibi Titi Mohamed na kina mama wa vikundi vya ngoma. Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba kabla ya siasa, na kupitia vikundi vile wanawake wa Dar waliingia TANU kwa mamia.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Aliuza vitumbua Ilala, akakata kadi, akaishonea ndani ya mto wa sufi ili mumewe asiione. Alipofariki tulifumua mto ule. Kadi ilikuwa imelainika kama kitambaa na ilinuka mafuta ya nazi, lakini namba ilikuwa bado inasomeka. Kwa hiyo ninakuelewa kabisa mtoa mada. Wazee wetu walikuwa na namna yao ya kuhifadhi mambo bila kuyasema.

#5 Mtoto wa Stesheni
Ahsante Mzee wa Gerezani, nimerekebishwa. Dada Mkeka umenitoa machozi. Ila baba alizaliwa 1950. Mwaka 1954 alikuwa mtoto wa miaka minne.

#6 Kalamu Nyeusi
Swali langu kwa Mzee wa Gerezani: waliichagua 7/7 makusudi kwa sababu ya namba, au ilitokea tu? Saba ni namba ya heshima kwa Waislamu na Wakristo pia, na chumba kile kilikuwa na wote.

#7 Mzee wa Gerezani
Mimi sijawahi kukutana na maandishi yanayosema waliichagua kwa sababu ya namba. Ulikuwa mkutano wa mwaka wa TAA, wajumbe walitoka majimboni kwa treni na mabasi. Tarehe hupangwa kwa nafasi ya watu. Jina "Saba Saba" limekuja baadaye, midomoni mwa watu, kwa sababu linatamkika vizuri.

#8 Fundi Saa
Mimi nadhani ni kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Mwalimu alikuwa bado anafundisha Pugu, aliacha kazi 1955. Mwalimu wa shule anapataje nafasi Jumatano?

#9 Kalamu Nyeusi
Fundi Saa hiyo ni dhana yako au umeisoma?

#10 Fundi Saa
Ni dhana. Lakini ni dhana nzuri.

#11 Maalim wa Lamu
Salaam aleikum. Kabla hamjaenda mbali, hiyo "saba" yenyewe ni ya Kiarabu. Sita, saba na tisa tumezipata huko. Wazee wetu wa kale walihesabu tandatu kwa sita, fungate kwa saba na kenda kwa tisa. Fungate leo imebaki kwa maharusi tu, zile siku saba za bwana na bibi harusi kukaa ndani. Kwa Kiswahili cha zamani sikukuu yenu ingeitwa Fungate Fungate, na hapo hata TANU ingedhaniwa ni harusi.

#12 Tausi wa Pangani
Hahaha Maalim! Wiki mbili za fungate, nani angekataa.

#13 Kijana wa Gikomba
Wasee, niongee kama Mkenya. Kwetu Saba Saba haina maonyesho wala harusi.

Tarehe 3 Mei 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliokuwa mawaziri zamani, waliita waandishi wakasema wazi kwamba mfumo wa chama kimoja uishe. Wakaitisha mkutano uwanja wa Kamukunji, Nairobi, Jumamosi ya tarehe 7 Julai. Serikali ya Moi ikakataa kutoa leseni. Tarehe 4 Julai wote wawili wakakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kesi. Raila naye akachukuliwa siku hizo hizo. Watu wakaenda Kamukunji vivyo hivyo, bila viongozi.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, nikiuza mitumba na mamangu Gikomba, hatua chache tu kutoka uwanja ule. Asubuhi matatu zilikuwa zinapita zikipiga honi na makanga wameinua vidole viwili, alama ya vyama vingi. Mathe akasema leo hatufungui marobota. Kufika mchana gesi ya machozi ilikuwa imeingia mpaka ndani ya nguo. Tulifunga kibanda kwa waya, tukakimbilia Shauri Moyo. Jumatatu niliporudi, uwanja mzima ulikuwa umejaa viatu. Kimoja kimoja, karibu vyote vya kushoto au vya kulia bila wenzao. Sijui kwa nini hicho ndicho ninachokumbuka zaidi. Zile nguo mathe alizifua mara tatu na bado wateja walipiga chafya.

Ghasia zilienda siku kadhaa na zikafika miji mingine. Hata serikali yenyewe ilikubali kwamba watu wapatao 20 walikufa. Desemba 1991 kifungu cha 2A, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikaondolewa kwenye katiba. Matiba alipata kiharusi akiwa kizuizini na hakupona kabisa mpaka alipofariki 2018.

#14 Nyuki wa Singida
Shukrani Gikomba. Lakini kubali basi kwamba jina mlilichukua kwetu. Miaka 36 tulikuwa tunasherehekea Saba Saba, redio yetu inasikika mpaka Nairobi.

#15 Kijana wa Gikomba
Buda, Jumamosi ni Jumamosi. Matiba alitaka siku ambayo wafanyakazi wa Industrial Area wanatoka kazini saa saba mchana na Kamukunji iko njiani.

#16 Binti Murang'a
Nyote mnasahau kwamba Murang'a kuna mji unaitwa Saba Saba, na Matiba alikuwa mtu wa Murang'a. Nyumbani kwetu wazee wanasema jina lilikuwa tayari masikioni mwake tangu utotoni. Hakuhitaji redio ya Dar.

#17 Karani Mstaafu
Na mimi nimesikia kwamba walichagua tarehe hiyo kumkumbuka Tom Mboya aliyeuawa 7 Julai 1969.

#18 Kijana wa Gikomba
Karani hapana. Mboya alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, Jumamosi, akitoka dukani kwa mfamasia Government Road, sasa Moi Avenue. Ni Julai ileile lakini siku mbili kabla.

#19 Karani Mstaafu
Nimekosea, samahani. Ila mwezi huu wa Julai una jambo. Somalia, Rwanda na Burundi zilipata uhuru tarehe 1, Malawi na Komoro tarehe 6, Visiwa vya Solomon tarehe 7, Sudan Kusini tarehe 9.

#20 Mshumaa
Gikomba usiishie 1990. Mimi nilikuwa chuo mwaka 1997. Saba Saba ya mwaka ule ilikuwa ya kudai marekebisho ya katiba kabla ya uchaguzi. Askari waliingia mpaka ndani ya kanisa kuu la All Saints, Nairobi, wakampiga Mchungaji Timothy Njoya. Mimi nilikuwa nje ya ukuta, nikasikia benchi zikianguka ndani. Baada ya damu ile ndipo wabunge wa vyama vyote wakaketi na kuzaa mapatano ya marekebisho yaliyoitwa IPPG. Na vijana wa 2025 walipotoka tena tarehe ileile, barabara za kuingia jijini zikafungwa, na Tume ya Haki za Binadamu ikahesabu waliokufa zaidi ya 30. Kwa hiyo hata kama mwanzo tuliazima jina, deni tumelilipa kwa watu wetu.

#21 Nyuki wa Singida
Mshumaa, hapo nimenyamaza. Poleni.

#22 Ssebo wa Masaka
Hamjambo ndugu. Kiswahili yangu si nzuri sana lakini niongeze. Kwetu Uganda mukisema "sabasaba" mzee yeyote atainama kichwa. Sabasaba ni kombora! Ni ile mizinga ya Kirusi yenye mabomba mengi juu ya lori, jeshi la Tanzania lilikuja nayo kumtoa Amin. Masaka ilipigwa Februari 1979. Jjajja wangu alikuwa anasema unasikia sauti kama mtu anapasua shuka refu sana, halafu unahesabu. Watoto wakikataa kulala waliambiwa "sabasaba inakuja". Askari wenu ndio walituletea jina hilo, hivyo ndivyo tulivyoambiwa.

#23 Mtoto wa Stesheni
Ssebo, nimesoma posti yako nikasimama.

Baba alikwenda vita vya Kagera. Aliitwa 1978, akarudi 1979, na kalenda zinaanza 1980. Hakuwahi kutusimulia chochote, isipokuwa kwamba alifika Masaka na alikula ndizi za huko. Nyumbani tulikuwa na sheria moja ya ajabu: hakuna kupasua kitambaa. Mama akitaka kugawa khanga doti, ilibidi akate kwa mkasi polepole, au amsubiri baba aende kazini. Sisi tulidhani ni kuhofia kuharibu nguo.

#24 Dada Mkeka
Subhanallah.

#25 Kalamu Nyeusi
Basi jibu ndilo hilo. Duara ni la kombora.

#26 Mzee wa Gerezani
Polepole Kalamu. Mtu anayekimbia sauti ile kwa nini aizungushie duara ukutani kila mwaka? Mimi nilikuwa na kaka yangu kule. Alipochukia kitu alikigeuzia uso.

#27 Ssebo wa Masaka
Mtoto wa Stesheni, baba yako apumzike. Sisi tulimshukuru na tulimuogopa pia, yote mawili. Ndizi za Masaka bado ziko, karibu.

#28 Mwana Isimu
Nirudi kwenye swali la kwanza. Siku ya Kiswahili Duniani iliamuliwa na UNESCO mjini Paris, 23 Novemba 2021, ikaanza kuadhimishwa 2022, na ni ya kwanza kwa lugha ya Kiafrika. Sababu zilizotolewa ni mbili. Ya kwanza ni TANU kukifanya Kiswahili chombo cha kupigania uhuru. Ya pili watu wengi hawaijui: mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini 30 Novemba 1999, ulianza kufanya kazi 7 Julai 2000.

#29 Nyuki wa Singida
Kumbe jumuiya nayo ni Saba Saba! Hilo sikulijua.

#30 Kijana wa Gikomba
Sasa mbona 1990 haimo kwenye sababu? Tulipigwa tukiimba kwa Kiswahili.

#31 Mwana Isimu
Ni hoja ya haki. Lakini azimio hupita kwa kukubaliwa na serikali, na serikali huchagua kumbukumbu zisizowauma majirani. Hayo ni maoni yangu, si maandishi yao.

#32 Maalim wa Lamu
Na Kiswahili hakikuanzia New Street wala Kamukunji. Utenzi uliandikwa Pate na Lamu karne nyingi kabla ya vyama. Siku mmeipata, lakini mzazi hakualikwa.

#33 Mbeba Mizigo, London
Nawasoma kutoka Tottenham. Huku "saba saba" ni 2005. Alhamisi, milipuko mitatu kwenye treni za chini ya ardhi na mmoja kwenye basi namba 30 pale Tavistock Square, watu 52 waliuawa. Siku moja kabla jiji lilikuwa linacheza kwa kupewa Olimpiki. Nilikuwa nasafisha ofisi karibu na Russell Square, zamu yangu ikaisha asubuhi ile. Simu hazikushika. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa na ndoo ya kazi mkononi, maana nilisahau kuiacha. Mke wangu akaniuliza kwa nini nina ndoo, na mimi sikuwa na jibu.

#34 Msafiri Guangzhou
Pole kaka. Hata Wachina wana tukio wanaloliita kwa namba, "saba saba" kabisa, yaani qi qi. Ni 7 Julai 1937, mapigano ya daraja la Lugou karibu na Beijing, ndipo vita vyao vikubwa na Japani vilipoanza. Nilimweleza mwenyeji wangu kwamba kwetu saba saba ni sikukuu, akanitazama sana.

#35 Mpira Pesa
Msisahau 7 Julai 2014, Brazili kupigwa saba na Ujerumani.

#36 Fundi Saa
Ile ilikuwa tarehe 8, mkuu. Saba ni mabao. Na mimi nilikuwa shabiki wa Brazili, kwa hiyo naomba tuendelee na mada.

#37 Mama Banda la Pili
Mnazungumza vita tu, mimi nina swali la biashara. Mbona Saba Saba ilikuwa sikukuu ya wakulima, halafu ikawa ya maonyesho ya biashara na wakulima wakahamishiwa Nane Nane? Nilipokuwa mdogo Tabora tulipelekwa kuona ng'ombe na mahindi, si televisheni na godoro. Baba alitununulia soda moja, watoto wanne, mrija mmoja mmoja. Mtoto wa Stesheni, pengine mzee wako alizungushia siku ya kuwatoa watoto tu! Kwa mshahara wa reli ilibidi aanze kuweka akiba tangu Januari.

#38 Mtoto wa Stesheni
Mama Banda, alitutoa kweli. Kila mwaka. Soda na mkate wa kumimina, na mama kitenge mwaka ambao mambo yalikuwa mazuri.

#39 Kalamu Nyeusi
Sasa hata mimi sijui nishike lipi.

#40 Mtoto wa Stesheni
Wadau, kuna jipya. Jana nimelisafisha lile sanduku. Chini kabisa lilikuwa limetandikwa karatasi, nikaibandua taratibu. Ni kalenda. Ya 1977. Tarehe 7 Julai ina duara jekundu lilelile, na pembeni ameandika kwa penseli ya kawaida: "saa 7".

Kwa hiyo ni kabla ya vita. Na mimi sikuwa nimezaliwa, hakukuwa na watoto wa kununuliwa soda.

#41 Mwana Isimu
7.7.77 saa 7! Saba tano. Kijana wa miaka 27 anaweza kuipenda namba hiyo kwa uzuri wake tu.

#42 Mzee wa Gerezani
Mimi naona jingine. Tarehe 5 Februari 1977 TANU na ASP ya Zanzibar ziliungana kuwa CCM. Saba Saba ile ilikuwa ya kwanza bila TANU. Wapo waliolia, nami niliwaona.

#43 Karani Mstaafu
Mwaka huohuo ndipo Jumuiya ya zamani ilipovunjika na Shirika la Reli la Afrika Mashariki likagawanywa, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka 1983. Wafanyakazi wa reli walitenganishwa na wenzao wa Nairobi na Kisumu wakiwa na vyombo ndani. Safari hii tarehe sijakosea. Mzee alikuwa na rafiki Mkenya?

#44 Dada Mkeka
Au alikuwa na miadi. Mama yenu walifunga ndoa lini?

#45 Mtoto wa Stesheni
Ndoa ni Desemba 1978, alipewa ruhusa ya siku nne. Nimemuuliza mama kuhusu "saa 7". Ameichukua kalenda, akaisogeza karibu na dirisha, akaitazama muda mrefu. Akasema mwandiko ni wake baba, lakini mwaka 1977 walikuwa hawajajuana.

Kuhusu Mkenya, kuna picha moja ya vijana wawili wamevaa sare mbele ya kichwa cha treni. Mmoja ni baba. Nyuma hakuna jina.

#46 Kijana wa Gikomba
Iweke hiyo picha hapa, ficha uso wa mzee ukitaka. Mjomba wangu alikuwa fundi wa reli Kisumu, yuko hai na macho yake bado mazuri.

#47 Fundi Saa
Na treni ya kutoka Dar ilikuwa inafika Tabora saa ngapi mwaka ule? Mwenye kujua aseme.

#48 Mtoto wa Stesheni
Kesho asubuhi naenda kwa mzee mmoja aliyekuwa mpiga kengele stesheni, anakaa Cheyo. Kalenda na picha nimeviweka kwenye bahasha moja. Nitarudi.